Mama Seember Aenda Kusomea Uchumi

Mwezi wa Novemba ule, viazi vikuu vilijaa Makurdi hadi watu wakawa wanavikanyaga. Ukiingia soko la Wurukum, mbele viazi, nyuma viazi, kushoto malori yanashusha viazi vingine, na bei imelala chali. Wanawake wauzaji wakaitwa mkutanoni. Bwana mmoja kutoka Abuja, tai shingoni na jasho mgongoni, alikuwa amekuja kuwapa ushauri.

"Akina mama," alisema, "msiuze sasa. Nyote wekeni ghalani. Mwezi wa tatu bei itapanda maradufu, nanyi mtacheka."

Wanawake wakapiga makofi. Mlumun Akaase hakupiga. Alikuwa na miaka thelathini na sita, mume fundi pikipiki, binti mmoja aliyeitwa Seember, na mdomo ambao mama mkwe wake alisema fundi wake alisahau kuuwekea kitasa. Akanyoosha mkono, na kabla hajaruhusiwa akaanza.

"Bwana mkubwa, samahani. Sote tukiweka, sote tutafungua maghala mwezi wa tatu. Sasa hiyo bei itapandishwa na nani? Na Krismasi hapa kati, watu wa Enugu na Lagos watakuja na malori yao wakute soko tupu. Atakayekuwa na kiazi siku hiyo ndiye atakayecheka."

Bwana yule akatabasamu, tabasamu la mtu anayempa mtoto pipi anyamaze. "Mama, wewe uchumi umeusomea wapi?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Kpadoo, jirani yake wa kibandani, alicheka hadi kitambaa cha kichwa kikamdondoka. Mlumun akaketi. Masikio yalikuwa yanamchemka.

Jioni alimkuta mumewe, Orseer, nje ya nyumba, amelala ubavuni chini ya pikipiki ya mteja. Akamweleza yote, na alipofika pale pa swali la mwisho akajipangusa macho kwa kiwiko.

"Na wewe ulimjibu nini?" Orseer akauliza kutoka chini.

"Ningejibu nini? Sijausomea popote."

"Basi kausomee."

"Baba Seember, mimi nalia, wewe unanitania?"

"Nakutania kidogo." Akatoa kichwa, uso umepakwa grisi. "Lakini kausomee. Kila siku unanigombeza kuhusu bei ya petroli kama vile mimi ndiye waziri. Bora ugombane na wenye kazi yao."

Alikuwa akisema tu, kama wanaume wasemavyo huku wakitafuta spana. Lakini neno lile lilimkaa Mlumun kichwani usiku kucha. Krismasi ikaja, akauza ghala lake lote kwa watu wa Enugu waliokuwa wakigombania viazi kama maji ya jangwani. Kpadoo, aliyemtii mwenye tai, alisubiri mwezi wa tatu pamoja na soko zima, na yaliyomkuta mwezi wa tatu ni bora asiulizwe. Lakini Mlumun hakumcheka. Wakati huo alikuwa na shughuli nyingine.

Kwanza alikuwa amekwenda chuo kikuu, kwenye ofisi ya wanaopokea wanafunzi, na cheti chake cha sekondari ndani ya mfuko wa nailoni. Mama mmoja mtu mzima mwenye miwani alikishika cheti kile kwa ncha za vidole, maana kilikuwa na miaka kumi na minane na mikunjo yake ilikwisha kutoboka.

"Ulikuwa upande wa sanaa, mwanangu," alisema. "Fasihi, Serikali, elimu ya Biblia, na lugha yetu ya Kitiv. Kwa hiki naweza kukuelekeza sanaa za maonyesho."

"Maonyesho ninayo sokoni kila siku, mama. Nataka uchumi."

"Uchumi wanataka masomo matano yaliyopasi vizuri. Kiingereza, Hisabati, Uchumi wenyewe, na mawili mengine. Wewe Uchumi hukuufanya kabisa. Na Hisabati..." Akasogeza miwani. "Hisabati umepata F9, yaani umefeli."

"Hiyo F9 naijua. Tuliagana vizuri."

"Basi mrudiane. Halafu kuna ule mtihani wa JAMB wa kuingilia chuo: Kiingereza, Hisabati, Uchumi, na somo la nne kama Serikali au Jiografia. Hisabati utaikuta kote kote."

"Lakini mama yangu, mimi nataka kujua kwa nini bei inapanda na kushuka. Pembetatu zinahusikaje?"

Yule mama akacheka hadi akavua miwani. "Kula ugali wa viazi bila mchuzi, uone kama utapita kooni. Nenda ukasome, mwanangu. Umri haufungi mlango."

Nyuma ya kanisa moja mtaa wa pili palikuwa na darasa la jioni, bati juu na mabenchi chini, ambako waliofeli walikwenda kujifunza upya. Mlumun akafika na daftari jipya na kisanduku cha bikari alichonunua bila kujua bikari ni ya nini. Vijana arobaini wa miaka kumi na saba na kumi na nane wakasimama wote kwa pamoja. "Shikamoo mwalimu!"

"Kaeni, nami nimefeli kama ninyi," Mlumun akasema, akasukuma mmoja kwa nyonga akapata nafasi.

Kisha mwalimu wa Hisabati akaingia, na Mlumun akatamani ardhi ipasuke. Alikuwa Torkwase Igbawua, binti wa miaka ishirini na minne, mwembamba kama fimbo ya ubaoni, ambaye kila Jumamosi alifika kibandani kwake kununua viazi vitatu na kubishana bei kama anayenunua ishirini. Jumamosi iliyopita tu Mlumun alikuwa amemfukuza. "Nenda kwa Kpadoo, umenichosha! Kichwa kimejaa kupunguziwa!"

Torkwase akamwona. Akaweka chaki mezani taratibu.

"Mama Seember."

"Mwalimu."

"Karibu sana. Sokoni hujawahi kuniachia hata naira kumi. Leo hapa ndipo sokoni kwangu." Akageuka ubaoni akaandika: *2x + 6 = 20*. "Mama Seember, simama utafute x."

Mlumun akasimama. Akaitazama ile herufi, na ghafla miaka kumi na minane ikafutika, akawa tena msichana mwenye sare, mwalimu anamngojea. "Mwalimu, mimi sijaipoteza," akasema. Darasa likavunjika mbavu, naye akakaa chini.

Baada ya kipindi Torkwase akamfuata nje. Hakuwa anacheka.

"Mama, nikuulize. Mteja amenunua marundo mawili, ukamwongezea viazi sita vya nyongeza. Ameondoka na viazi ishirini. Rundo moja lilikuwa na vingapi?"

"Saba," Mlumun akajibu kabla swali halijakauka. "Lakini hakuna mwendawazimu wa kutoa nyongeza sita kwa marundo mawili. Atafilisika."

Torkwase akaelekeza kidole darasani, ubaoni.

"Nini?" Mlumun akauliza. Kisha akageuka, akarudi mlangoni, akachungulia ubao. "Ndiyo hiyohiyo?"

"Ndiyo hiyohiyo."

"Mungu wangu! Basi kwa nini wanaiandika kwa sura mbaya vile?"

Tangu siku hiyo hofu ya x ilianza kumtoka, si yote kwa mkupuo, bali kidogo kidogo kama homa. Wiki ya tatu alikuwa akiwaambia wale vijana benchini, "Msiiogope. Hiyo ni kiazi ambacho hakijachimbwa. Ukitazama tuta na majani, unajua ukubwa wake kabla ya kushika jembe." Torkwase alisikia, na siku iliyofuata alilisema neno hilo darasani kama lake. Mlumun akampigia kelele kwamba ameibiwa.

Mambo ya duara, hata hivyo, yalimshinda. Pembe ya katikati, pembe ya ukingoni, mstari unaogusa na usiokata. Alikuwa akiamka alfajiri, anapika uji, anachora duara kwa ile bikari juu ya meza ya jikoni, na Seember, mwenye miaka tisa, anamwuliza, "Mama, hilo ni sufuria gani?" Orseer naye alijitwika kumhoji kila asubuhi. Mwenyewe alipenda Hisabati zamani, kabla baba yake hajafa akalazimika kushika spana.

"Mke wangu, jumla ya pembe za pembetatu?"

"Mia na themanini. Na wewe jumla ya siku ulizoahidi kuziba lile bati linalovuja?"

"Hilo halimo kwenye silabasi."

Mtihani wa kwanza wa sekondari aliufanya Januari. Majibu yakatoka mwanzoni mwa mwezi wa tatu, kwenye simu ya Orseer, wote watatu wamebanana kitandani. Kiingereza C6. Uchumi B3, somo ambalo hakuwahi kulisoma hadi miezi mitatu nyuma. Serikali B2. Biblia C4. Seember alikwisha kuanza kurukaruka, kisha akaona mama yake ameacha kusogeza kidole.

Hisabati D7. Pungufu ya kinachotakiwa kwa ngazi moja tu, moja.

Mlumun hakulia. Alikwenda sokoni akauza siku nzima kwa hasira, na kila aliyejaribu kuomba apunguziwe alijuta kuzaliwa. Hakwenda darasani jioni ile, wala kesho yake. Siku ya tatu Torkwase akatokea kibandani, na haikuwa Jumamosi.

"Sijaja kununua," alisema.

"Basi ondoka kwenye kivuli changu."

"Mama Seember, kutoka F9 hadi D7 kwa miezi mitatu, unajua umeruka ngazi ngapi? Wanangu wa miaka kumi na saba waliokaa benchi moja na wewe, wengi hawakufika hapo."

"Nimeaibika. Wananiita mama mwanachuo soko zima. Kpadoo ananiuliza nikihitimu nitauza kwa miwani."

Kpadoo, aliyekuwa akisikiliza kwa sikio refu kutoka kibanda cha pili, akadakia, "Mimi nilikuwa natania! Na wewe mwalimu usimwachilie. Huyu akiacha shule, atarudi kunisumbua mimi kutwa kucha. Mpeleke!"

Ikawa kicheko, na kicheko kilipokwisha Mlumun alikuwa amekwisha kuinuka. Mtihani wa pili wa sekondari ungekuja Juni, na yeye angefanya Hisabati tu. Kabla yake ulikuwepo ule wa chuo, mwezi wa nne. Akarudi benchini.

Sasa, siku ya Alhamisi, siku mbili kabla ya mtihani wa chuo, Torkwase alipita benchi kwa benchi akikagua karatasi za watahiniwa, zile zinazoonyesha jina, kituo na saa. Ya Mlumun ilikuwa imekunjwa mara nne ndani ya pochi, pamoja na risiti ya vitunguu.

"Umeisoma hii?"

"Nimesoma jina langu na siku. Kuna nini kingine?"

"Kuna masomo." Sauti ya Torkwase ilikuwa imepungua. "Kiingereza. Hisabati. Uchumi. Jiografia."

"Serikali," Mlumun akasahihisha.

"Mama, pameandikwa Jiografia."

Mlumun akaichukua karatasi. Akamkumbuka bwana wa kibanda cha kompyuta aliyemjazia fomu mwezi wa pili, visikizio masikioni, kichwa kinacheza muziki, akimwuliza "Geo au Gavo?" yaani Jiografia au Serikali, naye Mlumun amegeuka kumkaripia Seember asiguse soketi. Alijibu nini? Hakukumbuka. Labda alijibu "ndiyo." Muda wa kurekebisha fomu ulikwisha wiki tatu nyuma. Serikali aliyoisoma miezi mitano, mabunge na katiba na mahakama, yote ilikuwa kichwani imejipanga kama viazi ghalani, na hakuna mnunuzi.

"Jiografia sijafungua hata ukurasa," akasema. Alikuwa karibu kucheka, maana jambo lilikuwa limepita kiasi cha kulia.

Torkwase alikaa kando yake. "Chuo kinaipokea Jiografia kwa uchumi, kwa hiyo mlango haujafungwa. Mama, viazi vyako vinatoka wapi?"

"Acha masihara."

"Nijibu."

"Ukum na Katsina-Ala. Vya Gboko ni vidogo lakini vinakaa."

"Kwa nini vinakaa?"

"Ardhi yake haishiki maji sana. Vya bondeni vinaoza upesi."

"Mvua inaanza lini, inakoma lini?"

"Inaanza Aprili, Oktoba inakoma. Kaskazini inachelewa kuanza, na inawahi kukoma. Ndiyo maana watu wa kule wananunua kwetu."

"Kwa nini mji huu umekaa hapa na si kilomita kumi huko?"

"Si kwa ajili ya daraja! Mto unavukika hapa, reli ikapita hapa, watu wakaja hapa, nami nikaja kuwauzia."

Torkwase akafunga karatasi, akampa. "Nusu unaijua. Nusu nyingine tuna siku mbili."

Siku mbili hizo kibanda kilisimamiwa na Kpadoo, ambaye aliwaambia wateja wote kwamba jirani yake amekwenda kujifunza dunia. Mlumun alikaa nyumbani kwa Torkwase na ramani. Mistari ya kuigawa dunia, saa zinavyobadilika kila nyuzi kumi na tano, milima inavyozuia mvua. Saa za dunia zilikuwa Hisabati tupu, na hapo ndipo alipojishangaa, kwani alizikokotoa bila kuuliza herufi zimepotea wapi. Orseer alileta chakula, akabaki, akauliza maswali mengi kuliko mwanafunzi, mpaka wakamfukuza.

Jumamosi, kwenye ukumbi wa kompyuta, taabu ya kwanza ilikuwa kipanya. Hakuwahi kukishika. Alikisogeza kulia, mshale ukakimbia ukajificha pembeni ya kioo, naye akasema kwa sauti, "Wewe, rudi hapa!" Msimamizi akamjia kwa hasira, akaona ni mama mzima amekodoa macho, akamwonyesha kwa mkono wake mwenyewe namna ya kubonyeza. Baada ya hapo Mlumun alikwenda polepole, swali kwa swali. Kwenye Jiografia palikuwa na swali la mto unaokutana na Niger pale Lokoja. Akaguna kwa kicheko. Alikuwa ameuvuka mto huo asubuhi ileile, juu ya daraja la mjini kwao.

Majibu yalikuja baada ya siku sita. Kati ya masomo manne, alilopata alama nyingi zaidi lilikuwa Jiografia. Jumla ilizidi iliyotakiwa na chuo. Torkwase alipoona akasema, "Nikimwona yule bwana wa visikizio nitamnunulia soda."

"Wewe umnunulie soda. Mimi nitamng'oa hayo masikio kwanza, ndipo nimshukuru."

Ikabaki Hisabati. Mwezi wa sita akaingia tena chumba cha mtihani, safari hii akiwa mzee kuliko msimamizi. Swali la duara lilikuwepo, kubwa, la lazima. Alilitazama, akalisabahi, akalifanya. Hakuwa na hakika nalo. Alitoka akanunua mahindi ya kuchoma, akala akitembea, na kwa mara ya kwanza tangu Novemba hakuwaza kitu.

Septemba, Jumamosi ya pili, soko likiwa limefurika viazi vipya, Torkwase alikuwa amesimama kibandani akibishana bei kama desturi yake. Simu ya Mlumun ikalia. Alikuwa Orseer, aliyekwenda peke yake kuangalia majibu bila kumwambia.

"Mama Seember, umekaa au umesimama?"

"Nina mteja msumbufu hapa. Sema."

"C5."

"C ngapi?"

"Tano! Tano! Imepita, mke wangu, imepita na chenji imebaki!"

Mlumun alipiga yowe ambalo wanawake wa upande wa pili walidhani ni msiba, wakaacha bidhaa wakaja mbio na mikono kichwani. Walipofika walimkuta amembeba mwalimu wa Hisabati juujuu, miguu ya mwalimu inaning'inia, na wote wawili wanalia na kucheka. Kpadoo alipoelewa akaanza kuimba, na wimbo ukashika vibanda, ngoma ikatoka sijui wapi, wakacheza kule kucheza kwa mabega mpaka mwenye lori akapiga honi apishwe.

Torkwase aliposhushwa chini akajifuta macho, akanyoosha gauni. "Haya. Sasa, viazi vyangu hivi vitatu, leo utaniachia kwa bei gani?"

"Bei ni ileile," Mlumun akasema, huku akipangusa kamasi. "Furaha ni furaha, biashara ni biashara."

"Mama Seember!"

"Kununua ni bei ileile. Lakini hivi kumi na viwili hununui, unapewa." Akaanza kumjazia kwenye gunia, akichagua vya Gboko, vile vinavyokaa.

Kozi ilianza mwishoni mwa mwaka. Kibanda wanakigawana sasa: Kpadoo anasimamia siku za juma, Mlumun Jumamosi na likizo. Siku ya kuapishwa wanafunzi wapya, mama yake mzazi alikuja kutoka kijijini kwa basi la asubuhi, amevaa nguo ya mistari myeusi na myeupe aliyokuwa akiitunza kwa ajili ya maziko ya watu wakubwa. Akamkuta binti yake amevaa joho, ameketi katikati ya watoto wa watu.

"Miaka mingapi hii?" mama akamwuliza Orseer kwa kunong'ona ambako safu tatu zilisikia.

"Minne, mama."

"Minne! Atakuwa na arobaini na moja."

"Atafika arobaini na moja hata asiposoma, mama."

Bibi akalifikiria hilo. Akatikisa kichwa, akakiri kwamba ni kweli, kisha akataka kujua chakula kitaliwa saa ngapi, maana tangu alfajiri hajatia kitu tumboni. Picha zilipokwisha kupigwa, Mlumun alilivua joho akampa Seember alibebe, wakaenda wote, na Torkwase pamoja nao, mahali pa karibu wanapotwanga viazi ukiona kwa macho yako. Bamia lilikuwa linavutika vizuri siku hiyo. Mlumun alikula haraka haraka, kwa sababu saa nane alikuwa na kipindi cha kwanza cha Takwimu, na mwalimu wake, alivyoambiwa, hapendi wachelewaji.